Mbao Ishirini na Sita za Mistri Bishan

Watu wa kwetu husema nina mdomo, nami sikatai. Kwa miaka sita nimepima njia za mabomba ya mvuke kule Olkaria, na kazi ile haimfai mtu wa kunong'ona. Bomba likikaa pembeni kwa upana wa kidole, wiki ijayo mnalifungua upya na kulaumiana. Kwa hiyo nilikuwa na msemo wangu: mimi nikishapima, kitu kimepimwa. Niliwaambia hivyo wakubwa, nikawaambia wadogo, nikamwambia hata yule kijana aliyewahi kuweka alama ya kisima cha mvuke katikati ya zizi la mbuzi la Mmaasai. Huyo nilimcheka mbele ya wenzake hadi chai ikanitoka puani. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadai nilificha.

Mzee Jasvinder Singh nilikutana naye Agosti 2008, kwenye gereji yake Nakuru, nilipopeleka pikapu ya kazini springi zikiwa zimekatika. Gereji yenyewe iko upande wa viwandani, na malori yanayotoka Salgaa hupanga foleni hapo tangu asubuhi. Mzee alikuwa na miaka sabini na tatu, kilemba cha samawati kilichoingia grisi upande mmoja, na vidole vinene vya mtu aliyeshika nyundo tangu utotoni. Springi hakuziangalia. Aliangalia mashine yangu ya kupimia iliyokuwa imelazwa nyuma ya pikapu, ile ya miguu mitatu.

"Hii inaweza pima boti?" akauliza.

"Mzee, hii inapima kitu yoyote, bora iwe imesimama."

"Hii yangu imesimama sana," akasema. "Imesimama miaka sabini."

Akanipa kreti ya soda nikalie, akanieleza. Baba yake aliitwa Bishan Singh, na watu walimwita Mistri, jina ambalo Wapunjabi humpa fundi mkuu wa mbao. Mwaka 1938 mzungu mmoja mwenye shamba kando ya Ziwa Naivasha alimpa kazi ya kumjengea boti ya injini. Mistri alikaa ziwani miezi minane. Boti ilishushwa majini mwezi wa tisa, na mwezi wa kumi na mbili ikazama mchana kweupe, ziwa likiwa limetulia, na vibarua wawili wakafa maji. Uchunguzi ulichukua siku mbili tu. Mzungu aliapa kwamba boti haikuwa na mzigo wowote, ilikuwa na watu watatu basi. Hivyo kosa likamwendea fundi. Waliandika kwamba alitumia mbao mbichi, zikakauka, zikaachana, maji yakaingia.

Tangu siku hiyo hakuna aliyempa Mistri Bishan boti, wala nyumba, wala hata mlango. Alitengeneza mikokoteni Nakuru mpaka alipofariki mwaka 1961.

"Tukipanda treni kwenda Nairobi," mzee akasema, "ikifika Naivasha baba anageuka anaangalia upande ya milima. Kila mara. Mimi nilikuwa mtoto, nikafikiri anapenda milima."

Sasa ziwa lilikuwa limerudi nyuma mwaka ule, tena sana, na upande wa kaskazini wavuvi walikuwa wameona mbavu za boti zikichomoza kwenye matope. Mzee alikwenda kuangalia. Alipapasa ubao mmoja kwa ndani, akakuta namba iliyochongwa kwa patasi, kwa tarakimu za Kipunjabi. Baba yake alikuwa na desturi ya kutia namba kila ubao kabla ya kuupigilia, na mwandiko wa ile namba mzee aliujua kama anavyojua sahani yake ya chakula.

Lakini wavuvi hawakuwa peke yao. Shamba la maua lililoko hapo lilikuwa limekimbiwa na maji. Pampu zake zilibaki zikinyonya matope, na meneja alikuwa ameamua kuchimba mfereji wa mita elfu moja na mia mbili, ulionyooka kutoka kwenye pampu hadi ziwani. Boti ilikuwa katikati ya njia hiyo. Kwa meneja ule ulikuwa uchafu wa kuzolewa na ndoo ya mashine pamoja na matope.

"Ikizolewa, imeisha," mzee akaniambia. "Itabaki ile karatasi yao peke yake. Mimi nataka watu waone kazi ya baba. Kama ni mbaya, waone ni mbaya. Lakini waone."

Nilimwambia sina wakati. Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye matope hadi magotini.

Tulipima wikendi nne. Mimi nasimama na mashine kwenye ardhi ngumu, mzee anaingia kwenye tope na fimbo yenye kioo, anaiweka kwenye kichwa cha msumari, mashine inarusha mwali, mwali unarudi, tayari: msumari huo una namba zake tatu duniani na hakuna awezaye kuupokonya. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Nilimwambia tutafute kijana wa kushika fimbo, akanitazama kana kwamba nimemtukana. Kila ubao alipoufikia, aliusafisha kwa kiganja, akasoma namba yake kwa sauti, nami nikaiandika.

Usiku wa Jumapili ya nne nilimwonyesha kwenye kompyuta. Vitone elfu moja mia moja arobaini na sita. Nikavizungusha, na boti ikainuka kwenye kioo, mbele imechongoka kama mkuki, tumbo pana, mbavu zimepangwa sawasawa. Mzee hakuwahi kuiona ikiwa nzima. Alikuwa na miaka mitatu ilipozama. Alikaribia kioo hadi pua ikakigusa.

"Hii ni nzuri," akasema. "Beti, si hii ni nzuri?"

Beti ni binti kwa lugha yao. Nikamwambia ni nzuri, na nilimaanisha. Nimeona mabomba yaliyochorwa na mainjinia wenye digrii tatu yakiwa na mikunjo mibaya kuliko hiyo.

Kilichobaki ni jambo moja, na wote wawili tulilijua ingawa hakuna aliyetaka kulitamka. Mbao zilikuwa ishirini na sita. Tulizozipata ni ishirini na mbili. Mbao za kumi na nne hadi kumi na saba, chini kule mbele upande wa kushoto, hazikuwepo, au zilikuwa zimezikwa mahali ambapo hatungeweza kufika bila kuchimba. Na kama zilikuwa zimeachana na kuelea zikaenda zake, basi uchunguzi ulisema kweli.

"Labda ziko chini," nikasema.

"Labda," akajibu mzee, akaanza kuvaa viatu.

Ofisa wa makumbusho aliyeshughulikia vitu vya kale, ambaye tulimpelekea kazi yetu, aliitwa Kiprugut, mtu mpole, mwenye kusoma karatasi hadi nukta ya mwisho. Alipoona ramani yetu alifurahi waziwazi. Akasema boti itaandikishwa, ila kazi hiyo huchukua muda, na kwa sasa ataandika barua kwa shamba: hakuna kuchimba ndani ya mita thelathini kutoka kwenye boti, pande zote. "Nipe tu namba za mahali," akasema. Nikampa namba za mahali. Barua ikaenda, shamba likamtuma mtu wao akapiga vigingi na kufunga utepe mwekundu, nami nikarudi Olkaria nikiwa nimevimba kichwa.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Mashine ilianza kuchimba Jumatatu. Alhamisi saa tatu asubuhi mzee akanipigia simu kutoka ziwani.

"Beti, mashine inakuja."

"Mashine gani?"

"Hii ya kuchimba. Iko karibu. Inakuja straight kwa boti."

Nilikuwa juu ya bomba, jua linanichoma utosini, na injinia mmoja ananingoja chini akipiga saa yake kwa kidole. "Mzee, haiwezi kuja. Iko barua. Iko vigingi."

"Mimi sioni kigingi hapa."

"Ziko, labda nyasi imezifunika. Mzee, mimi ndiye nilipima. Mimi nikishapima, kitu imepimwa."

"Sawa, beti," akasema, akakata. Nikiikumbuka ile "sawa" naona haya mpaka leo.

Saa tano simu ikalia tena, namba yake, lakini sauti si yake.

"Madam, naitwa Mburu, mimi ndio operator wa hii mashine. Huyu mzee amekaa mbele ya ndoo yangu. Amekaa chini kabisa, kwa matope. Amenipea simu akasema nikuite. Sasa mimi sijui nifanye nini, boss ananipigia kelele huku."

Nilishuka kwenye bomba kama paka. Sikumwambia mtu ninaenda wapi. Kutoka Olkaria hadi upande wa kaskazini lazima uzunguke ziwa na kupitia mjini, na njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno nitakayomwambia meneja. Nilipanga mabaya. Nilipanga mengine ambayo mama yangu hajui kwamba ninayajua.

Nikaingia shambani, nikafuata ukingo wa mfereji mpya. Mara nikaona utepe mwekundu. Ulikuwa pale kweli, duara zuri la vigingi, mita thelathini kila upande kama ilivyoandikwa. Ila haukuzunguka boti. Ulizunguka nyasi kavu, mbali na maji, mita tisini kando ya mfereji, na ndani yake ng'ombe watatu walikuwa wakila. Mmoja alikuwa anatafuna utepe.

Nikasimamisha pikapu. Nilitoa kifaa changu cha setilaiti nikasimama katikati ya ng'ombe wale, nikasoma namba: zilezile za barua.

Kuna namna mbili za kuihesabu nchi hii. Ipo ile ya zamani, ya mwaka 1960, ambayo ramani zote za serikali zinaifuata, na sisi Olkaria tunaifuata kwa sababu visima vyetu vyote vilipimwa nayo. Na ipo ya setilaiti, ambayo kifaa chochote kipya huja nayo kutoka dukani. Namba zinafanana sura, lakini ukizisoma kwa namna isiyo yake, unasimama mahali pengine kabisa. Hapa kwetu tofauti ni kama mita mia tatu. Kila mpima ardhi wa Kenya anajua, na kila mpima ardhi anayejiheshimu huandika kando ya namba ni hesabu gani ametumia. Mimi nilizoea kwetu, ambako hakuna anayeuliza. Sikuandika. Mtu wa shamba alizisoma kwa kifaa chake cha dukani, akapiga vigingi mahali palepale namba zilipomwambia. Hakukosea hata hatua moja.

Nilikuwa nimeyalinda malisho ya ng'ombe kwa barua rasmi, na nimeifungulia mashine njia ya kwenda kwenye boti. Yule kijana wa zizi la mbuzi angeniona hapo, angekuwa na haki ya kucheka hadi jioni.

Maneno yote niliyokuwa nimepanga yakaniishia. Niliendesha mita mia tatu za mwisho polepole.

Mashine ilikuwa imesimama mwisho wa mfereji, ndoo juu, injini ikinguruma. Kati ya ndoo na mbavu za boti hapakufika hatua kumi na tano, na hapo mzee Jasvinder alikuwa ameketi, miguu ameinyoosha kwenye tope, kilemba chake safi kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alikuwa amejipamba kuja kufanya hivyo. Wafanyakazi kama arobaini walikuwa wameacha kazi zao wakasimama kutazama. Meneja, jina lake Hiram, alikuwa kando na barua mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye maua yake yangekufa wiki hiyo, na hajalala.

"Madam Nyakio," akasema, "nilikuwa nakungoja sana. Hizi namba kwa barua ni za nani?"

"Ni zangu."

"Sisi tumechimba ndani ya circle ama nje?"

"Nje."

"Basi mwambie mzee wako asimame. Mimi nimefuata sheria."

Nilimpita. Nilikwenda kwanza kwa mzee, nikachutama mbele yake, tope likaingia ndani ya buti zangu.

"Mzee, ulinipigia ukaniambia, na mimi nikakukatiza. Vigingi ziko mahali mbaya. Si wao. Ni mimi nilikosea."

Akanitazama. "Kweli umekosea?"

"Kweli."

"Unajua umekosea wapi?"

"Najua. Naweza kukuonyesha kwa karatasi, mpaka ile sentensi nilisahau kuandika."

"Basi hiyo ni kosa nzuri," akasema mzee. "Ya baba hakuna mtu alionyesha wapi."

Nilisimama macho yakiwa yamejaa, na hilo likaniudhi, kwa hiyo nikamgeukia Hiram kwa sauti ambayo hata Mburu aliisikia juu ya injini. Nilimwambia mbele ya watu wake wote kwamba namba ni zangu na kosa ni langu, kwamba mtu wake alipima vizuri kuliko mimi, na kwamba barua inasema boti, haisemi nyasi. Nilimwambia sitaki asimamishe mfereji. "Nipe masaa matatu. Nitakuwekea kona hapa ya kuzunguka boti, nikupimie mteremko wote upya mpaka kwa maji, mimi mwenyewe, leo. Maji yako itafika Jumamosi kama ulivyopanga."

"Na ikikosea tena?"

"Ikikosea, boti ichukue, na cheti yangu ya kupima nikupee uchome."

Hiram alifikicha macho. Alifungua mdomo kujibu, na jibu lake sikulijua kamwe, kwa sababu hapohapo Mburu alizima injini na kuruka chini.

"Boss," akasema. "Hebu angalia hapo. Tope inaenda."

Ilikuwa inaenda kweli. Mfereji ulikuwa na kina cha watu wawili, na tope la mbele ya boti, ambalo lilikuwa limelala pale miaka sabini bila mahali pa kukimbilia, sasa lilikuwa limepata shimo. Lilianza kuteleza taratibu kama uji unaomwagika, likapiga ufa, kisha kipande kikubwa kikashuka chote kwa mara moja. Nilipiga kelele. Nilidhani boti imekwenda. Mzee aliinuka upesi kuliko nilivyoamini mtu wa umri ule angeweza, akaingia kwenye tope mikono mbele.

Boti haikusogea. Kilichokuwa kimeondoka ni tope la upande wa kushoto, mbele, pale chini ambapo hatukuwahi kufika. Na pale palikuwa na mbao nne.

Mzee alizisafisha kwa viganja. Hata Hiram alikuwa amesogea, viatu vyake vya ofisi vikizama.

"Chaudan," mzee akasoma. Akapapasa wa pili. "Pandran." Sauti ikaanza kumtoka. "Solan. Sataran!" Akageuka kwangu akapaza sauti kana kwamba nilikuwa ng'ambo ya ziwa: "Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba! Ziko hapa, beti! Zote ziko!"

Zilikuwepo, na hazikuwa zimeachana. Ubao ulikuwa bado umebana ubao mwenzake. Nilijaribu kuingiza ncha ya kisu kati ya wa kumi na tano na wa kumi na sita, kikagoma. Misumari yote ilikuwa mahali pake. Lakini zote nne zilikuwa zimevunjika katikati, mahali pamoja, na vipande vya mbao vimechanika kuelekea nje. Na juu ya mvunjiko ule, ndani ya boti, tope lilipozidi kushuka, likatokea gurudumu la chuma lenye ukubwa wa meza, na nyuma yake injini nzima ya pampu, nyeusi, imekwama kwenye shimo ililolitoboa.

Mburu ndiye aliyesema kwanza. Alizunguka akaangalia mvunjiko kutoka chini, kisha kutoka juu, kwa makini, kama mtu anayekagua kazi yake mwenyewe.

"Hii haikufunguka," akasema. "Hii ilibebeshwa. Mimi nimebeba vitu na hii mkono ya chuma miaka kumi na mbili, najua kitu ikibebeshwa kupita kiasi inavyovunjika. Inavunjika hivi. Fundi hana makosa hapa. Aliyeweka hii chuma ndio mwenye makosa."

"Na walisema hakukuwa na mzigo," nikasema.

"Walisema," mzee akajibu. Alikuwa ameegemeza paji la uso wake kwenye ubao wa kumi na saba. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na nilipomkaribia ndipo nikajua kwamba alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Nami nikafanya vivyo hivyo, hadharani, na sikujali nani ananiona.

Hiram akaikunja ile barua akaitia mfukoni. "Masaa matatu si ulisema?" akaniuliza. "Chukua mpaka jioni. Mburu, rudisha mashine nyuma." Na kwa wafanyakazi: "Nyinyi mnaangalia nini? Madam anataka watu wa kushika fimbo."

Sijawahi kupima kwa furaha kama alasiri ile. Tulianza na boti kwa sababu tope lingeweza kurudi: kila msumari wa mbao zile nne, kila jino la mvunjiko, ukingo wote wa injini na gurudumu. Watu walipokezana fimbo. Wengine waliingia kwenye tope wawiliwawili kumshikilia mzee asianguke, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao tangu yale machafuko ya Januari, baada ya uchaguzi, walikuwa wakila chakula cha mchana pande mbili tofauti za uwanja. Sikuwahubiria. Niliwafokea tu washike fimbo wima, nao wakaishika wima. Kila namba iliposomwa, mtu mmoja aliirudia kwa Kipunjabi kwa matamshi mabaya kabisa, na mzee alimsahihisha kama mwalimu.

Kisha nikaweka kona. Niliipima mara mbili, nikaipima ya tatu. Nilimpa Hiram karatasi, na juu ya karatasi, kwa herufi kubwa kuliko kichwa cha habari, niliandika hesabu niliyotumia. Jumamosi saa nane maji yalifika kwenye pampu. Hiram alinipigia simu kunijulisha, na akasahau kuikata, nikasikia watu wakishangilia nyuma yake kwa muda mrefu.

Kiprugut alikuja wiki iliyofuata na kamera na fomu ndefu. Alisoma vipimo vyote, akaomba aonyeshwe mvunjiko kwa macho yake, kisha akajaza fomu kwa mkono, taratibu. Mahali pa jina la mjenzi aliandika Mistri Bishan Singh, Nakuru. Mahali pa chanzo cha kuzama aliandika: mzigo mzito wa chuma uliovunja mbao nne, viungo vyote vizima. Alimwomba mzee asome athibitishe. Mzee alisoma, akamrudishia, kisha akaiomba tena ili aisome mara ya pili.

Ramani ya mwisho niliichapisha Novemba, kwenye karatasi kubwa, nikaipeleka mwenyewe gerejini. Tuliitandaza juu ya boneti ya lori. Ilionyesha upande wote wa kaskazini wa ziwa: shamba, pampu, ukingo wa maji, na boti ikiwa na mbao zake zote ishirini na sita. Mzee alivaa miwani. Alifuata mfereji kwa kidole kutoka kwenye pampu, mstari mmoja mrefu ulionyooka kama rula. Kidole kikafika karibu na ziwa, kikapinda, kikazunguka nusu duara pana, kikarudi kwenye mstari, kikaendelea hadi majini.

Akakirudisha pale palipopinda.

"Hapa nini?" akauliza. "Mchimbaji alikuwa amelewa?"

"Hapana, mzee," nikamwambia. "Hapo wamempisha baba yako."

Alikitazama kile kipande cha mstari kwa muda. Kisha akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akawaita mafundi wake wote na madereva wa malori yote, wazime injini, waache springi, waje waone.